Rangi ya nyumba Sultan Hamud: Desemba umechelewa, Agosti ndio mpango

Ukipita Sultan Hamud kwa basi la Mombasa, zaidi ya kilomita 100 kutoka Nairobi, weka simu chini kidogo utazame kuta. Zile zinazoelekea jua la jioni zimepauka. Chini karibu na msingi kuna mkanda mwekundu ambao hakuna fundi aliyeupaka: ni udongo unaoruka na matone ya mvua. Na hapa na pale utaona nyumba mpya ambayo rangi yake tayari inabambuka kama ganda la kiazi kilichochemshwa.

Wengi husema basi, rangi ilikuwa feki. Wakati mwingine ni kweli. Lakini mara nyingi shida haiko kwenye mkebe, iko kwenye kalenda.

Mpango wetu wengi unajulikana. Uko Nairobi au Athi River, unajibana mwaka mzima, halafu Novemba unatuma doo nyumbani ili nyumba ya wazazi ing'ae kabla ya Krismasi, au kabla wageni wa ntheo hawajafika. Sasa fikiria: kuanzia Oktoba hadi Desemba ndio msimu wa vuli, na Ukambani vuli ndiyo mvua ya kutegemewa kuliko masika. Yaani tunapaka rangi miezi ile ambayo ukuta umekunywa maji kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka.

Maji hayo hayakai humo milele. Jua la Januari na Februari likianza kuchoma, yanatafuta njia ya kutoka. Yakikuta rangi imeziba njia, yanaisukuma. Inafura malengelenge, inapasuka, inaanguka. Pesa ya mwaka mzima inakuwa takataka chini ya dirisha.

Haraka ya Desemba ina ubaya mwingine. Mwashi anamaliza plasta wiki hii, fundi wa rangi anaingia wiki ijayo. Plasta ya saruji inahitaji takriban siku 28 ikomae na kukauka kabla ya kupakwa rangi. Kabla ya hapo saruji ina magadi makali yanayokula rangi kutoka ndani, hasa rangi ya mafuta, ambayo hugeuka kitu kama sabuni na kushindwa kushika. Kuna pia suala la chumvi. Maji ya visima vingi Ukambani ni ya chumvi, na ukiyatumia kuchanganya plasta, chumvi hiyo hutoka nje ukuta unapokauka. Ule unga mweupe unaochomoza juu ya rangi mara nyingi ndio huo. Kwa plasta na kwa kulainisha rangi, tumia maji ya mvua au maji mengine matamu.

Jipimie mwenyewe

Huhitaji mtaalamu kujua kama ukuta uko tayari. Chukua kipande cha plastiki kama ile ya kufunikia vitabu vya shule, ukibandike ukutani na uzibe pande zote nne kwa gundi ya karatasi. Kiache usiku na mchana mzima. Ukikuta matone ya maji kwa ndani, ngoja.

Kipimo cha pili ni cha kiganja. Paka mkono kwenye rangi ya zamani. Ukitoka na unga, jua limeshakula kile kinachoishikilia rangi, na ukipaka mpya juu yake utakuwa umepaka vumbi. Osha ukuta kwa brashi na maji, uache ukauke, kisha anza na rangi ya msingi, ile mafundi huita andakoti.

Ukilazimika kukwangua rangi kuukuu ya mafuta, lowesha ukuta kwanza na uwaweke watoto mbali. Rangi za zamani zaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo huharibu ubongo wa mtoto. Siku hizi kikomo nchini ni sehemu 90 za risasi kwa kila sehemu milioni ya rangi, kwa hivyo unaponunua, angalia alama ya Shirika la Ubora wa Bidhaa Nchini (KEBS) kwenye mkebe.

Kwa nini Agosti

Julai na Agosti huku ni miezi ya baridi kidogo, mawingu mengi na mvua haba. Ukuta umekauka tangu masika yaishe, na rangi inapata muda wa kutulia bila kuchomwa. Adui wa wakati huo ni upepo na vumbi jekundu, kwa hivyo osha ukuta siku moja kabla ya kupaka na uanze kazi asubuhi upepo ukiwa bado mdogo.

Kisha fuata kivuli. Ukipaka kwenye ukuta wenye joto la jua, rangi inakauka juu kabla ya kushika chini, na michirizi ya brashi inabaki. Asubuhi shughulikia ukuta wa magharibi, alasiri uhamie wa mashariki. Kwa kuwa tuko kusini kidogo tu mwa ikweta, mwezi wa Agosti jua la mchana huelekea upande wa kaskazini. Ukuta wa kusini basi unaweza kuupaka hata saa sita.

Nunua gani?

Kwa plasta ya nje, chukua rangi ya maji iliyoandikwa kuwa ni ya nje. Ile ya ndani ni ya bei nafuu, lakini haikutengenezwa kwa jua wala mvua. Rangi ya maji huruhusu ukuta kupumua. Ya mafuta hukauka ngumu, na miaka ikienda jua huifanya ipasuke. Iweke kwenye milango na madirisha.

Kuhusu mwonekano, nyekundu inayowaka, zambarau na manjano kali hupauka upesi kwa sababu nyingi hutumia vikolezo visivyostahimili jua. Rangi ya matofali, hudhurungi na krimu ya udongo hudumu, kwa sababu hukolezwa kwa oksidi ya chuma. Hiyo ndiyo inayoufanya udongo wa Ukambani uwe mwekundu, na jua halijaushinda bado. Halafu ule mkanda wa chini, ukubali tu. Paka nusu mita ya kwanza kutoka chini rangi ya matofali iliyokolea, na matope ya vuli hayataonekana.

Hesabu kabla ya kutuma pesa

Tuseme nyumba ni mita 10 kwa 8, kuta zina kimo cha mita 3. Mzunguko ni mita 36, mara 3 unapata mita za mraba 108. Toa kama 15 za milango na madirisha, zinabaki 93. Mikono miwili ni 186. Lita moja hufunika takriban mita 10 za mraba kwenye plasta laini, kwa hivyo ndoo moja ya lita 20 inatosha. Plasta ikiwa ya kukwaruza, lita inaweza kufunika mita 7 tu, na utahitaji kama lita 27. Ongeza lita 10 hivi za rangi ya msingi. Ukiwa na hesabu hii, utamshtukia haraka fundi anayeitisha ndoo tatu, na pia yule anayeimaliza nyumba nzima kwa nusu ndoo. Huyo wa pili ameongeza maji hadi rangi ikawa chai ya maziwa.

Na kama mfuko hauruhusu, kuna chokaa. Mji huu ulipewa jina la Sultan Hamoud bin Mohammed, aliyetawala Zanzibar kati ya 1896 na 1902, zama za ujenzi wa reli. Huko kwao kuta za mawe ya matumbawe zilipakwa chokaa, na iliposhuka zilipakwa tena. Chokaa ni nafuu, huakisi jua na huacha ukuta upumue. Ila siku ukitaka kuhamia rangi ya maji, sugua chokaa yote kwanza, maana haitashika juu ya unga.

Na wageni wa ntheo wakija Desemba hii hii? Mwambie fundi aoshe kuta za nje, apake milango, madirisha na sebule, halafu aache kuta za nje kama zilivyo. Ndoo ya rangi ikiwa imefungwa vizuri na kuwekwa kivulini, itafika Agosti bila shida. Wageni hawatahesabu mikono ya rangi, na ukuta utakuwa umepata muda wa kukauka.