Kabla ya Kununua Cherehani



Tunapotembelea vikundi, mara nyingi tunakaribishwa chai katika nyumba yenye cherehani kando ya ukuta. Imefunikwa kitambaa kilichodarizwa, na juu yake kuna redio na picha za watoto. Ukiuliza, mama anajibu, "Hiyo tulipata tulipomaliza kozi." Kozi yenyewe iliisha miaka mitatu iliyopita. Cherehani imekuwa meza.

Hatusemi haya ili kuwacheka akina mama. Kosa lilikuwa letu pia. Kikundi kimoja kilipotuomba mafunzo, tulileta mwalimu wa ushonaji bila kuuliza swali hata moja, kwa maana tulizoea kwamba mafunzo ya wanawake ni kushona. Akina mama 12 walijifunza kwa miezi sita, wakajua kazi vizuri. Lakini wote walikuwa wa soko moja. Soko hilo lilikuwa tayari na mafundi wanne, na siku ya soko mitumba inatandikwa chini: rinda zima kwa pesa ambazo hazitoshi kununua kitambaa chake. Mwaka ulipoisha, wawili tu ndio walikuwa bado wanashona.

Hao wawili walifanya nini? Mmoja alikwenda kwa walimu wakuu wa shule tatu, akauliza sare zinanunuliwa wapi. Mwingine aliketi karibu na wauza mitumba wenyewe. Mtu akinunua suruali ndefu, yeye anaipunguza hapo hapo; zipu ikiwa mbovu, anaibadilisha. Wale walioonekana kuwa maadui wa kazi yake ndio wanaomletea wateja.

Kutokana na hao, tunawapa mambo manne ya kufikiria.

1. Anza na mteja, si na ufundi

Kabla ya kuchagua kozi, kikundi kiandike kwa mwezi mmoja: ni vitu gani tunavinunua mjini, na ni kazi gani tunamwita fundi kutoka mbali aje kuifanya? Mnaweza kukuta ni mkate, sabuni, miche ya maembe na parachichi, kutengeneza simu, au kujenga tangi la maji. Msiseme, "Hiyo ni kazi ya wanaume." Mwiko wa kujengea hauulizi nani ameushika. Vyuo vya ufundi ambavyo zamani tuliviita polytechnic za vijiji viko chini ya serikali za kaunti tangu ugatuzi ulipoanza mwaka 2013. Nendeni mkaulize ni kozi gani zinafundishwa.

2. Piga hesabu yote

Tuchukue mfano wa rinda moja la shule. Hizi ni bei za mfano tu. Ninyi wekeni za soko lenu.

Kitambaa mita 2½ kwa sh. 240: sh. 600
Uzi, vifungo na zipu: sh. 80
Ovaloki: sh. 40
Nauli (sh. 300 kwa marinda 10): sh. 30
Sindano na mafuta ya cherehani: sh. 20
Jumla: sh. 770

Ukiuza kwa sh. 900, umebaki na sh. 130. Wengi husahau nauli na sindano, wakadhani faida ni kubwa. Ukimaliza marinda mawili kwa siku, umepata sh. 260. Je, kibarua cha kupalilia kwenu kinalipa ngapi?

Sasa, wanne wakichanga na kununua kitambaa kwa jora, tuseme wapate mita kwa sh. 200. Kitambaa cha rinda kinakuwa sh. 500, na faida inapanda hadi sh. 230. Hapo ndipo umoja wa kikundi unaonekana. Si lazima mshone pamoja, lakini mnaweza kununua pamoja. Na usikate kitambaa kabla mteja hajalipa malipo ya kwanza, angalau bei ya kitambaa. Rinda likikosa kuchukuliwa, faida ya mengine mawili haiwezi kufidia hasara hiyo.

3. Pesa zitakaa wapi?

Hili ni gumu, lakini tuseme wazi. Tumeona mama anashona vizuri, anauza, halafu biashara inakufa kwa sababu pesa za kitambaa zimelipa deni la sukari, au mzee wa nyumba amezichukua. Pesa za mtaji si faida. Ziwekwe mbali, zenye daftari lake, na mama ajilipe kutoka kwa faida peke yake. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inampa mwanamke aliyeolewa haki sawa na ya mwanamume ya kupata na kusimamia mali. Lakini sheria haikai jikoni. Mazungumzo na mume yafanyike kabla ya kozi: nani atachota maji na kuangalia watoto mama akienda kujifunza, na mapato yatatumiwaje. Mume aliyeona daftari huwa mwepesi kuelewa kuliko yule anayesikia tu kwamba "mama ana pesa."

4. Cheti na mkopo vina wakati wake

Mtihani wa ufundi wa NITA una ngazi tatu, na ya 3 ndiyo ya kuanzia. Cheti hicho kinakusaidia ukitafuta kazi au zabuni, lakini hakikuletei mteja mlangoni. Vivyo hivyo mfuko wa serikali wa mikopo kwa wanawake, ulioanzishwa mwaka 2007: ule ni mkopo, si zawadi. Ukikopa kabla ya kumjua mteja, umenunua deni.

Kwa kikundi kujadili:

- Katika nyumba zetu kuna vifaa vingapi vya kazi vilivyofunikwa? Kwa nini?
- Mwezi uliopita, pesa zetu zilitoka kijijini kwenda kununua nini?
- Kati yetu, nani ana daftari la mtaji lililo mbali na pesa za nyumbani?

Msikimbilie kujibu. Swali la kwanza peke yake linatosha mkutano mmoja.