Chanjo Anayoinywa Kifaranga

Desemba 1988 Edwina Currie, naibu waziri wa afya wa Uingereza, alitamka kwamba sehemu kubwa ya mayai ya nchi hiyo imeingiwa na salmonela. Mauzo yakaporomoka, kuku kwa mamilioni wakachinjwa, na wiki mbili baadaye akajiuzulu. Alitia chumvi, lakini hakuzua. Salmonella Enteritidis hutoka utumboni mwa kuku hadi kwenye ovari na mrija wa mayai, ikaingia ndani ya yai kabla ganda halijaumbwa. Usafi wa ganda, basi, si kinga. Kuku mwenyewe huonekana mzima na hutaga kama kawaida.

Waingereza walianza na chanjo ya sindano, yenye bakteria waliouawa, na tangu 1998 kuchanja kukawa sharti kwa mayai yanayopigwa muhuri wa ubora wa simba. Lakini kumkamata kuku mmoja mmoja katika banda la maelfu ni adhabu kwa kuku na kwa vibarua. Chanjo hai hunyweshwa tu: siku ya kwanza, kisha wiki ya saba hivi, kisha tena kabla mitetea haijaanza kutaga.

Kwa nini siku ya kwanza? Utumbo wa kifaranga aliyeanguliwa karibuni hauna wenyeji, na hapo aliyewahi ndiye mwenye nyumba. Bakteria wa chanjo, waliodhoofishwa maabara, hutanda humo na kumzuia ndugu yao mkali hata kabla kinga ya mwili haijajengeka. Baadaye huziamsha seli za kinga kwenye ukuta wa utumbo, mahali ambapo chanjo mfu haifiki vizuri.

Penye udhaifu ni majini. Anayechanja kideri au Gumboro kwa maji, Kiambu au Kibaha, analijua hili: klorini ya bomba huua chanjo, ndiyo maana hutiwa maziwa ya unga yasiyo na mafuta. Kuku hunyimwa maji kwa muda ili wakiletewa wanywe wote na kumaliza ndani ya saa chache. Antibayotiki nazo hazitakiwi siku hizo, kwani haziwezi kumbagua rafiki.

Maabara ndiyo inayobagua. Baadhi ya bakteria wa chanjo wamepewa alama: huhimili dawa fulani na kufa kwa nyingine, tofauti na salmonela ya kawaida. Umoja wa Ulaya hauruhusu chanjo hai isiyo na njia ya kuitambua, vinginevyo kila kipimo cha kinyesi kingezua kizaazaa.

Mwaka 2017 Uingereza iliwaruhusu wajawazito na watoto wachanga kula mayai yenye muhuri wa simba yakiwa hayajaiva sawasawa. Sifa zote si za chanjo. Chanjo hupandisha tu idadi ya vimelea vinavyohitajika kumwambukiza kuku, na banda lenye panya huifikia idadi hiyo upesi, kwa sababu kinyesi cha panya aliyeambukizwa hujaa salmonela na hudondoka ndani ya chakula.