Nani Anajua Tumekula Kuku?

Jumapili asubuhi soko la Jette hujaa kuanzia Place Reine Astrid hadi mitaa ya pembeni. Juzi tulinunua kuku wa kuchoma, tukatoa noti ya yuro 20, tukarudishiwa chenji, basi. Mwuzaji hakutuuliza majina wala hakuyahitaji.

Njiani kurudi tukaanza kubishana: noti hiyo ikija kuwa ya kidijitali, nani mwingine atajua kuwa tumekula kuku?

Jambo lenyewe haliko mbali. Tume ya Ulaya ilitoa pendekezo la sheria ya yuro ya kidijitali tarehe 28 Juni 2023, na Benki Kuu ya Ulaya inasema sheria ikipitishwa mwaka 2026, sarafu hiyo inaweza kuanza kutolewa mwaka 2029. Pesa tulizo nazo kwenye akaunti leo ni deni tunalozidai benki za biashara. Yuro hii itakuwa pesa ya Benki Kuu yenyewe, kama noti, ila haina karatasi. Benki Kuu inaahidi kwamba haitamtambua anayelipa, na kwamba mtu ataweza kulipa hata bila intaneti, malipo yakajulikana na wawili tu: anayetoa na anayepokea.

Baadhi yetu waliridhika na ahadi hizo. Wengine wakakumbusha kuwa Ubelgiji tayari ina daftari lake. Tangu sheria ya Desemba 2020, benki hupeleka salio la kila akaunti mara mbili kwa mwaka kwenye daftari linalotunzwa na Benki ya Taifa. Lilianzishwa kwa ajili ya kuwasaka wakwepa kodi. Siku hizi hata manotari wanaoshughulikia mirathi wanaweza kuomba taarifa zake. Daftari likishakuwepo, wasomaji huongezeka. (Hata vyumba vya wanafunzi viko hivyo: ufunguo wa akiba huishia kwa watu watano.)

Mwenzetu ambaye kwao ni Goma alikuwa kimya muda wote. Mwishowe akasema, “Mie siogopi sana anayeona. Naogopa anayezima.” Waasi wa M23 walipouteka mji mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifungwa. Shangazi yake alikuwa na akiba, tena halali kabisa, lakini hakuweza kuigusa. Familia ya huku Jette ikawa inamtumia pesa kwa simu, na wakala mwenye noti alikata sehemu kubwa kabla ya kumpa. Jirani yake aliyeficha dola chini ya godoro alinunua unga bila kumwomba mtu.

Tulimuuliza kama basi anaipinga pesa ya kidijitali. Akakataa: bila simu, shangazi asingepata hata kidogo. Anachotaka ni kwamba noti zisiondolewe.

Hapo ndipo tukagundua kuwa siku ile ile ya Juni 2023 Tume ilileta pia pendekezo la pili, la kulinda haki ya kulipa kwa fedha taslimu. Watu wengi tunaojadiliana nao hawajalisikia. Sisi hilo ndilo tutakalolifuatilia, na Jumapili ijayo tutamuuliza mwuza kuku analionaje.