Asili Moja ya Wanadamu: Jinsi ya Kuwaeleza Watoto

Kila kabila lina masimulizi ya asili yake. Watoto huambiwa jina la babu wa kwanza, mlima aliokaa na mto aliouvuka, na ni vema masimulizi hayo yahifadhiwe. Lakini mtoto aliyefunzwa asili ya ukoo wake peke yake aweza kudhani kwamba watu wa ng'ambo ya mto ni viumbe wa namna nyingine. Kwa hiyo yafaa wazazi na walimu wamweleze pia asili iliyo ya wanadamu wote.

Mfano mzuri uko Olorgesailie, kando ya barabara iendayo Magadi, yapata kilomita 70 kutoka Nairobi. Huko, katika miaka ya 1940, Bwana Louis Leakey na mkewe, Bibi Mary Leakey, walikuta mashoka mengi ya mawe yasiyo na mpini. Yamechongwa pande zote mbili hata yakapata makali, nayo yalifaa kwa kuchuna na kukata nyama. Mengi yameachwa palepale yalipoonekana, na wageni huyatazama wakiwa juu ya daraja la mbao.

Mtoto atauliza, "Imejulikanaje kwamba ni ya kale?" Jibu ni hili: zamani palikuwa na ziwa mahali hapo, na milima ya moto ya karibu ilimwaga majivu mara kwa mara. Majivu hayo yalifunika vitu vilivyoachwa na watu, tabaka juu ya tabaka. Wataalamu hupima umri wa majivu, na hivyo hutambua umri wa vitu vilivyolala kati ya tabaka mbili. Baadhi ya mashoka yana umri wa karibu miaka 1,000,000.

Hesabu hiyo ni kubwa mno kwa mtoto. Basi aambiwe kwamba kila mwaka ni hatua moja ya mita moja. Ili afikie siku Vasco da Gama alipotia nanga Malindi, mwaka 1498, atatembea hatua 500 na ushei tu. Ili awafikie wachongaji wale, itambidi atembee kwa miguu kama kutoka Nairobi hata Mombasa, kisha arudi.

Mwaka 2018 yalitangazwa mambo mengine. Katika tabaka za miaka 300,000 hivi iliyopita vilionekana vyombo vidogo vya jiwe jeusi ling'aalo kama kioo. Jiwe hilo lilitoka mahali palipo mbali, kati ya kilomita 25 na 95. Yaelekea watu wa wakati huo walijuana na majirani wa mbali na kubadilishana vitu nao.

Wakati huo ndipo watu wa namna yetu walipoanza kuonekana katika Afrika. Waafrika, Wazungu, Wahindi, Waarabu na Wachina wote ni uzao wao. Rangi za ngozi zilitofautiana kwa kukaa vizazi vingi penye jua kali au jua hafifu. Makabila na lugha za leo zilikuja baadaye sana.

Mwisho, mtoto akiona jiwe la kale lililochongwa, afundishwe kutoliondoa, bali amwarifu mwalimu wake, naye awape habari wakuu wa Makumbusho ya Taifa. Jiwe likiisha kutolewa katika tabaka lake, ni vigumu kujua umri wake, na hasara hiyo ni ya watu wote.