Viwakilishi vya Jina katika Kiingereza, na Mahali Wanapojikwaa Wanafunzi Wetu

Kiwakilishi ni neno lisimamalo mahali pa jina, ili jina lenyewe lisirudiwe kila mara. Hivyo ndivyo vianzavyo vitabu vya sarufi, na wanafunzi huyakariri maneno hayo kwa siku moja. Lakini mwalimu akusanyaye daftari za watoto wa huku Kirando, waliosoma shule ya msingi kwa Kiswahili na ambao sasa hufundishwa karibu masomo yote ya sekondari kwa Kiingereza, atakuta humo maneno kama haya: "My mother is sick. He went to the dispensary." Kalamu nyekundu hupita, alama hupungua, na mtoto haambiwi sababu.

Mtoto huyo si mjinga, wala hakusahau ya kuwa mama ni mwanamke. Amesema tu kama lugha yake ilivyomzoeza. Kiswahili husema "alikwenda", na ile "a" yamfaa baba, mama, mvuvi, hata ng'ombe. Kifipa asemacho nyumbani nacho, kama jamaa zake wa Kibantu, hakitengi mume na mke katika viwakilishi. Swali ambalo lugha zetu humwuliza msemaji ni hili: jina hili ni la ngeli gani? Kiingereza chauliza jingine: ni mwanamume, ni mwanamke, au ni kitu? Asiyezoea kuulizwa swali hilo hushika neno la kwanza alilofundishwa, nalo kwa kawaida ni "he". Basi kumwambia "andika she" hakutoshi. Yafaa aonyeshwe swali lenyewe.

Tusidhani, kwa hayo, ya kuwa Kiingereza ni lugha kamili na yetu ni pungufu. Tuchukue mfano wa ziwani. Mtu akisema, "The canoe struck the stone and it broke," msikilizaji hajui kilichovunjika, maana "it" ni ya mtumbwi na ni ya jiwe pia. Kiswahili hakina shaka hiyo: "Mtumbwi uligonga jiwe, ukavunjika," au "likavunjika." Herufi chache zamaliza habari. Mtumbwi una "u" yake, jiwe lina "li" yake, na hakuna awezaye kuzichanganya.

Lakini katika habari za watu mambo hugeuka. Shahidi akisema, "Alimkuta nyumbani kwake, akampiga, akaanguka," ni nani aliyeanguka, na nyumba ilikuwa ya nani? Wanakijiji walioketi pale wajua, kwa kuwa wajua kisa. Lakini kwa miaka mingi, hata sheria ilipobadilishwa mwaka 1921 na mia moja zaidi, yaani 2021, kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, ushahidi uliotolewa kwa Kiswahili katika mahakama za wilaya na zilizo juu yake uliandikwa kwa Kiingereza. Mwandishi ilimpasa kuchagua "he" au "she", "his" au "her", jambo ambalo shahidi hakulitamka. Asipouliza, aliandika dhana yake mwenyewe, nayo ikawa neno la shahidi. Kwa hiyo kosa la kiwakilishi si jambo dogo la daftarini.

Viwakilishi vya umiliki vina mtego wao. Katika "Maria na baba yake", ile "ya" yafuata baba, yaani kinachomilikiwa. Ndivyo isemwavyo pia "kitabu chake" na "vitabu vyake". Jicho la mtoto limezoea kutazama upande huo. Akifika kwenye Kiingereza, amwona baba, ambaye ni mwanamume, aandika "Maria and his father". Kifaransa, lugha ya wengi wa Mapadre Weupe waliofika Karema mwaka 1885, chafanana na chetu kwa jambo hili, kwa kuwa nacho hutazama kinachomilikiwa. Kiingereza humtazama mwenye mali: Maria ni mwanamke, basi ni "her father", hata kama baba ana ndevu mpaka kifuani.

Na tusisahau meli. Liemba, iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa mwaka 1916 na kurudi kazini kwa jina hilo mwaka 1927, Mwingereza aweza kuiita "she", ingawa "it" nayo ni sahihi. Hiyo ni desturi ya mabaharia wao, na mtoto akiuliza sababu ajibiwe hivyo tu.

Kwa "you" hasara ni ya Waingereza wenyewe. Zamani walitenga "thou" na "thee" za mtu mmoja na "ye" na "you" za wengi. Siku hizi "you" yatumika kwa wote. Asomaye Injili ya Luka, sura ya 22, mstari wa 31 na wa 32, katika tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1611, aona ya kuwa Shetani aliwataka wanafunzi wote, lakini Yesu alimwombea Simoni peke yake. Katika Kiingereza cha leo tofauti hiyo haionekani mpaka mfasiri aongeze neno. Kwetu yaonekana bila shida: "amewataka", kisha "nimekuombea". Mhubiri atumiaye kitabu cha Kiingereza ajihadhari hapo.

Aina nyingine nitazipitia upesi. Kwa kuonyesha, sisi tuna "huyu", "huyo" na "yule", hali wao wana "this" na "that" tu. "Huyo" aliyekwisha kutajwa mara nyingi hufasiriwa "that", na pengine "he" au "she" yatosha. Kwa kujirudia, "ji" yetu moja yatumika kwa nafsi zote, lakini wao hubadili: "myself", "yourself", "himself", "themselves". Hapo pana kosa la kuchekesha: mtoto hufasiri "wanapendana" kwa "they love themselves", kumbe amesema kila mmoja anajipenda mwenyewe! Aambiwe ya kuwa "ana" ya mwisho wa kitendo ni "each other". Na kwa urejeshi, "mtu niliyemwona" huzaa "the man whom I saw him", kwa sababu ile "m" ya "niliyemwona" yadai haki yake. Ndugu yake ni "the teacher he has come", ambamo "a" ya "amekuja" imefasiriwa mara ya pili. Makosa haya mawili yana shina moja: kwetu kiwakilishi hukaa ndani ya kitendo wala hakiondoki jina linapokuwapo, kwa Kiingereza jina likiwapo, kiwakilishi chatoka.

Zoezi nilionalo kuwa na faida ni hili. Uandike ubaoni: "Juma alimwambia Anna kuwa mdogo wake anamtafuta." Kabla mtu hajagusa Kiingereza, waulizwe: mdogo wa nani, wa Juma au wa Anna? Ni wa kiume au wa kike? Anamtafuta nani kati ya hao wawili? Kisha waandike sentensi za Kiingereza zote ziwezazo kutoka humo. Wakihesabu vema watapata nane, hata bila kumtia mtu wa tatu. Wakimaliza, wape ile ya mtumbwi na jiwe, waifasiri kwa Kiswahili mara mbili.