PUA IMEGOMA BAADA YA MAFUA? SOMA KABLA HUJAFUNGA ODA

Wauzaji wenzangu wa viungo, udi na vyakula, hii inatuhusu. Kwetu pua ni mzani. Mimi nauza viungo vya pilau na chai mtandaoni, na baada ya ugonjwa wa virusi nilikaa miezi mitatu sisikii hata harufu ya mdalasini.

Virusi hushambulia sehemu ya juu ndani ya pua, pale panaponasa harufu. Bahati nzuri chembe za kunusia huota upya. Ila hazina haraka: wengine wiki mbili tu, wengine miezi, wapo hadi mwaka na zaidi.

Unaweza kuzisaidia. Mwaka 2009 Thomas Hummel na wenzake wa Dresden, Ujerumani, walitoa utafiti: watu walionusa waridi, limau, mkaratusi na karafuu, asubuhi na jioni kwa wiki 12, walipata nafuu kuliko wasiofanya hivyo. Karafuu tunayo dukani, jamani! Weka kila harufu kwenye kichupa chake, nusa taratibu kama sekunde 20, huku unaikumbuka ilivyokuwa. Usiposikia kitu, endelea tu.

Kuna hatua inachanganya sana: harufu inarudi imepinda. Kahawa inanuka kama kitu kilichoungua, kitunguu kama kimeoza. Kwangu iliki ilinuka mpira unaoungua. Ukiamini pua hapo, utamwaga mzigo mzima ambao ni mzuri kabisa.

Kwa hiyo biashara iendeshe bila pua. Pima kwa gramu, usichanganye kwa makadirio. Andika tarehe kwenye kila mfuko. Kila mzigo mpya anuse mtu mwingine, mimi namtumia mdogo wangu, na anusie kwa muuzaji wa jumla kabla hujalipa. Mteja akisema unga umevunda, usibishane naye, huna ushahidi.

Mnaopika nyumbani, gesi ya mtungi huongezwa harufu makusudi ili ikivuja ujue. Wewe hutajua. Paka povu la sabuni kwenye mpira na viungio. Likitoa mapovu, funga mtungi, fungua madirisha, usiwashe moto wala swichi.

Na kama harufu imepotea bila mafua, au baada ya kugonga kichwa, au tundu moja tu limeziba na linatoa damu, hiyo si ya karafuu. Nenda hospitali.