Ukimya wa Goba unalipiwa nauli

Saa kumi na moja na robo alfajiri, adhana ikiwa inamalizikia, basi dogo la shule linapiga honi getini kwa jirani. Mtoto wa darasa la pili anatolewa amebebwa, sweta limevaliwa mkono mmoja, mkononi ana kipande cha mkate ambacho sote tunajua hatakila. Mlango wa basi unafungwa kwa kishindo, mbwa wa mtaa mzima wanaitikia, taa nyekundu zinapotelea mteremkoni. Kisha kimya kinarudi, na kwenye mikorosho nyuma ya nyumba yangu komba analia kama kichanga kilichonyang'anywa ziwa.

Wageni wetu wa Jumapili hawamjui yule mtoto. Wao hufika saa saba mchana, hukaa uwanjani wakipunga upepo, wakala ubwabwa, wakatazama miti na kusema, “Nyie mnaishi bwana.” Na kweli siku hiyo tunaishi.

Goba ipo Wilaya ya Ubungo, kwenye vilima vilivyo kati ya Barabara ya Morogoro na ile ya Bagamoyo, zaidi ya kilomita 20 kutoka Posta. Tulihamia miaka sita iliyopita kutoka Sinza, tukikimbia baa. Spika la jirani lilikuwa likitikisa vikombe kabatini mpaka saa nane usiku, na malalamiko tuliyoyapeleka kila mahali panapopelekwa malalamiko yaliishia kuandikwa kwenye daftari. Siku mwanangu alipoanza kuimba nyimbo za baa akiwa anaoga, mama yake alisema basi, tukamalizie ile nyumba, hata kama haina dari.

Wenye umri wangu wanakumbuka wazazi wao walivyoisema Sinza. Miaka ya 1970, Serikali ilipopima viwanja vya Sinza, Kijitonyama na Mikocheni kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kuna watu waligoma kwenda huko porini. Leo pori hilo lina kuku choma kila kona. Sensa ya 2012 iliikuta Dar es Salaam na watu 4,364,541. Ile ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Watu milioni moja zaidi katika miaka 10 lazima walale mahali, na wengi wetu tumelala juu ya mashamba ya mikorosho.

Kilichotuleta hasa ni lami. Ilipopita kutoka Mbezi Mwisho, ikakatiza Goba hadi Tangi Bovu, na nyingine ikashukia Makongo kuelekea Chuo Kikuu Ardhi, mahali palipokuwa “shamba” pakageuka kuwa “nyumbani” kwa watu wenye kazi mjini. Ila lami inaishia barabarani. Kutoka pale hadi kwangu ni bodaboda, au gari binafsi na fundi wa shokapu anayekujua kwa jina. Masika yakikolea, udongo mwekundu wa mteremko wetu unageuka sabuni. Nimewahi kuliacha gari chini kwa siku nne, nikawa napanda kilima suruali nimeikunja, viatu mkononi, mfuko wa mkate kichwani.

Niseme mazuri yake, maana yapo. Usiku tunalala. Joto la Goba lina adabu kuliko la mjini. Kuanzia saa kumi jioni upepo unapanda kutoka bondeni na feni inazimwa. Mjini ndege ni kunguru tu, wale weusi wenye shingo ya kijivu walioletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 na ambao hawajaacha nafasi kwa ndege mwingine. Huku nimemjua dudumizi. Hukaa ndani ya kichaka, humuoni, ila mvua ikikaribia unasikia sauti yake ikishuka, du-du-du-du, mfano wa maji yanayomiminwa kutoka kwenye chupa yenye shingo nyembamba. Mama mkwe wangu akimsikia huanua nguo. Sijaona akikosea mara nyingi.

Tatizo ni kwamba anayemsikia dudumizi ni mama mkwe. Mimi ninaondoka saa kumi na moja na nusu ili nisikwame kwenye foleni, na ninarudi saa mbili usiku. Nimepiga hesabu: mwembe wangu ninauona kwa mwanga wa jua siku moja na nusu kwa wiki. Wanaoukalia kivuli chake ni dada wa kazi anapochambua mchele, fundi wa ukuta wa jirani, na mbwa. Nilinunua miti ili nilipe mafuta ya kuikimbia kila alfajiri. Rafiki yangu aliyebaki Sinza analipa kodi ya nyumba na kuilalamikia. Mimi ninalipa kodi yangu kwenye pampu ya petroli, na saa nne za maisha juu yake. Mstaafu akiniuliza, namwambia njoo hata kesho. Mwenye watoto wanaosoma mjini namwambia kwanza aje alale kwetu Jumapili, aamke Jumatatu.

Jambo jingine ni njia. Mradi wa viwanja 20,000, ulioanza mwaka 2002, ulipima maeneo kama Mbweni, Kibada na Tuangoma barabara zikiwa zimetengwa kabla ya nyumba. Goba wengi wetu tulinunua kwa mwenyeji, mkataba ukaandikwa mbele ya mjumbe, na mpimaji akaja tukiwa tumeshaezeka. Kila mmoja alisogeza ukuta wake mpaka alipohisi dhamiri, na dhamiri za wanunuzi wa viwanja hazifanani. Mwaka juzi, usiku wa manane, jirani wa nyumba ya nne alishikwa na uchungu. Lori la mchanga lilikuwa limelazwa katikati ya njia, dereva hajulikani alipo. Gari halikupita. Tulimbeba yule mama kwenye kiti cha plastiki, wanaume wanne, wa tano anamulika kwa simu, mpaka lami. Alijifungua salama. Usiku ule ndipo nilipolijua jina la mtu niliyekuwa nimechangia naye ukuta kwa miaka mitatu. Kabla ya hapo tulikuwa tukisalimiana kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, umeme ukikatika.

Mzee aliyetuuzia kiwanja huja kila Novemba, msimu wa korosho. Hajawahi kudai kitu kwenye mkataba, ila sote tunaelewa kwamba korosho ni zake.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu. Mikorosho yangu haijambo?”

Mara ya kwanza aliponiuliza vile nilimjibu haraka, haijambo, nikamkaribisha chai. Aliniuzia mikorosho tisa. Sita niliikata kupisha msingi, shimo la choo, na pale nilipotaka gari ligeuzie. Alizunguka nyuma ya nyumba na kifuko chake, akasimama penye sakafu ya zege ninapoegesha gari. Akaichapa kidogo kwa fimbo, kama anayebisha hodi.

“Ule wa hapa,” alisema, “aliupanda mama.”

Akaokota korosho zilizokuwa chini ya ile mitatu, akanywa chai bila sukari, akaaga. Mwaka uliofuata alikuja tena, akauliza vilevile.

Mwezi uliopita kiwanja cha juu yetu, chenye miti mingi kuliko vyote vilivyobaki mtaani, kilipata mnunuzi. Kijana mstaarabu, yeye na mkewe, wanapanga Kijitonyama na wamechoka kelele. Alikuja Jumamosi kuomba atunzie saruji kwenye stoo yangu mpaka ajenge banda. Nikampa funguo. Tulisimama naye penye mpaka, akavuta pumzi ndefu, akasema hewa ya huku ni nyingine kabisa. Dudumizi alikuwa analia kichakani kwake.

Kisha akaniuliza kama ninamfahamu mtu mwenye msumeno wa mashine. Nikatoa simu, nikamsomea namba ya yule aliyenikatia mimi.